Mzee Mlango na Kufuli la Ukumbi wa Mtihani

Wasifu huu umeandikwa na binti wa pili wa marehemu, naye ndiye anayeusoma. Marehemu aliagiza usiwe mrefu. Alisema hajawahi kuona mtu akifaidika kwa kukalishwa kitini.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Mzee Mlango, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1968, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi seremala na mama mshonaji. Shangazi, dada yake mkubwa, anasema alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo kukaa chini ikawa shughuli. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari hadi Novemba 1986. Mwalimu wake wa darasa alichoka kumwambia atulie, akampa kazi ya kufungua na kufunga madirisha ili apate sababu halali ya kusimama. Aliifanya kazi hiyo miaka miwili bila kukosa siku.

Mei 1990 aliajiriwa kuwa mlinzi katika ghala la nguo. Hapa alisisitiza mwenyewe, akiwa hospitalini: "Siku mkinisoma, msiniruke pale ghalani." Basi hatumruki. Tarehe 9 Juni 1994, saa nane mchana, moto ulizuka kwenye chumba cha kufungashia. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kwa amri ya meneja, aliyeogopa wizi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa marehemu, naye alikuwa ametumwa getini kumfungulia dereva wa lori. Alikimbia, akafungua. Wafungashaji kumi na mmoja walitoka. Mmoja hakutoka, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimtania kila asubuhi kuhusu viatu vyake. Hakuna aliyemlaumu. Yeye alijilaumu miaka thelathini, na hakuingia tena katika chumba chochote bila kuhesabu milango.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na karani wa masjala, mama yetu. Ulipofika wakati wa kupiga picha, bwana harusi hakuonekana. Alikutwa nyuma ya ukumbi, koti begani, akiondoa makreti ya soda yaliyoziba njia ya kutokea. Mama akamuuliza, "Hivi nimeolewa na wewe au na jengo?" Akajibu, "Na mimi. Lakini ngoja nimalizie haya mawili." Mama anasema alicheka siku hiyo, na kwamba miaka iliyofuata hakucheka kila mara. Kuishi na mtu ambaye roho yake iko juu juu ni kazi, na yeye aliifanya kazi hiyo vizuri.

Kuanzia 1998 marehemu alilinda jengo la ofisi la ghorofa tisa, akapanda hadi kuwa msimamizi wa walinzi. Januari 2021, akiwa na miaka hamsini na miwili, alijiandikisha chuoni kusomea stashahada ya usimamizi wa usalama, ile ya makampuni na maeneo ya umma. Wenzake walimtania kwamba anakwenda kufundishwa kushika kirungu. Aliwaambia anataka kuwa mtu ambaye meneja akisema "funga mlango huu", yeye ana karatasi ya kumjibu. Alisoma amesimama, kitabu kikiwa juu ya friji, na ukifungua friji ilibidi umwombe ruhusa.

Novemba 2022 ulifika mtihani wa somo la kuwatoa watu majengoni wakati wa hatari. Kabla hajashika kalamu aligeuka, akaona kufuli kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi. Msimamizi wa mtihani alimwambia, "Mzee, kaa ufanye mtihani."

"Nitakaa ukifunguliwa."

"Ufunguo anao mtunza majengo, na leo hayupo."

"Basi tumngoje."

Alingoja dakika arobaini amesimama, kisha akatolewa nje na akapewa sifuri. Baadaye aliambiwa swali la kwanza lilikuwa hili: eleza hatua ya kwanza unayochukua ukikuta mlango wa dharura umefungwa.

Kulikuwa na nafasi moja tu ya kurudia, Novemba 2023. Akiikosa, miaka mitatu yote imekwenda na maji. Binti yake huyu anayewasomea alimkalisha sebuleni akamwambia, "Baba, safari hii niahidi utakaa. Saa tatu tu." Akaahidi. Akakaa, akaandika. Alipotoka alikuwa kama mtu aliyeiba. Alisema, "Kufuli bado lipo. Nimejaza kurasa kumi na moja kuhusu milango, na ule wa mgongoni kwangu umefungwa." Januari alifaulu kwa alama za juu. Binti alipiga vigelegele peke yake. Marehemu alikataa kwenda kuchukua cheti mpaka mlango ule ufunguliwe. Binti huyo anakiri mbele yenu kwamba ahadi ile aliiomba yeye, na inamuuma.

Aliandika barua kwa uongozi wa chuo, moja, mbili, tatu. Hakujibiwa. Februari 2024 miguu ilianza kuvimba, na daktari akasema moyo umechoka. Aliambiwa apumzike. Alipumzika kwa kukagua nyumba nzima. Tarehe 6 Mei alilazwa, na siku ya pili muuguzi wa zamu alimkuta kwenye korido na dripu yake, akisogeza kitanda kilichoegemezwa mlangoni. Barua ya nne aliiandikia wodini. Safari hii hakuwaandikia wakubwa, alimwandikia mtunza majengo mwenyewe. Alifariki tarehe 21 Mei 2024, saa kumi alasiri, ameketi kitandani, uso umeelekea mlangoni. Jibu lilikuwa halijafika.

Juzi mchana mtunza majengo alikuja nyumbani na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alimwambia mama, "Barua zile tatu sikuzijua. Ya nne nimeipata Ijumaa, nikalitoa kufuli siku hiyohiyo. Nilikuwa nampelekea hospitali, nikaambiwa nimechelewa." Mama alilishika kufuli, akauliza, "Na mlango?" Akajibu, "Uko wazi, mama. Unasukuma tu." Wakalia wote wawili. Kufuli hilo mnaliona hapa mezani, kando ya picha yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mmoja na kaka wawili, pamoja na walinzi kumi na wanne aliowafundisha kazi. Ameacha pia cheti ambacho hakijachukuliwa. Jumatatu mama atakwenda kukichukua. Ataingia kwa mlango wa mbele, na amesema atatokea kwa ule wa nyuma.

Maisha yako yote tulikuambia ukae, baba, na leo tunakuambia kwa mara ya mwisho. Tumeshahesabu milango. Kaa, upumzike kwa amani.