Bunduki Moja kwa Kambi Nzima

Benchi letu liko mbele ya karakana yangu ya kuchomelea. Miguu nimeiunga mwenyewe kwa mabomba ya maji, na juu nimeweka ubao wa mlango ambao mteja aliuagiza kisha akaukataa. Kahawa iko kwenye jiko la makaa, mbali na mitungi ya gesi, maana wapo wanaodhani nataka kuwalipua. Kila asubuhi, kabla mashine hazijaanza kulia, wanakuja walewale. Yupo Afande, mlinzi wa benki, anayefika akitoka zamu na macho mekundu. Yupo Sinema, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyetazama filamu za mapigano mpaka anakunyoa huku anakurushia ngumi hewani. Na yupo Daktari, muuza spea za baiskeli. Jina hilo tulimpa kwa kuwa hakuna ugonjwa, wa chuma wala wa mtu, ambao hatakuambia chanzo chake. Siku ninayoisimulia tulikuwa tumekasirika sote, na hasira yetu ilikuwa ya haki kabisa. Tatizo ni mahali tulipoipeleka.

Aliyekuja na habari ni Futi. Futi ni mpima ardhi, mtu mpole, mwembamba, hatembei bila utepe wa kupimia mfukoni. Keshokutwa alikuwa anakwenda porini kuongoza kambi ya upimaji wa barabara mpya, kambi ileile aliyofia ndugu yetu Dira. Dira alikuwa mwalimu wake wa kazi, na alikuwa mwenzetu wa benchi. Tulimzika mwaka jana. Jeneza lililetwa limefungwa, mtu wa ofisi yao ya upimaji akasimama akasema marehemu amefia porini akiwa kazini, akapanda gari lake akaenda. Tangu siku hiyo wapimaji wamekuwa wakilalamika kwamba wanatupwa kule mikono mitupu. Sasa ofisi ilikuwa imejibu.

— Wamekubali silaha, Futi akasema. Bunduki moja. Mkuu wa kambi achague aina. Watanipigia simu kabla ya adhuhuri, niwape jibu.

Nikamuuliza moja kwa kila mtu, au vipi. Akasema moja kwa kambi nzima.

Basi hapo benchi likachafuka. Watu wazima wanaolala kwenye mahema, wapishi, wafyeka njia, wabeba vyombo, wote wagawane bunduki moja kama wanavyogawana sabuni! Mimi nikarusha kikombe, kahawa ikamrukia Sinema kwenye suruali, na wala sikuomba radhi. Nikasema ofisi hiyo ina walinzi mlangoni, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, wanalinda nini pale? Viti? Afande akasema kweli tupu, yeye mwenyewe analinda mlango wa kioo na ana bunduki yake peke yake, hagawani na mtu. Futi alikuwa amekaa pembeni, anauvuta ule utepe na kuuachia urudi, anauvuta na kuuachia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, na haikuhitaji kuambiwa.

— Mimi sijawahi kushika bunduki, akasema. Nisaidieni tu. Nichague ipi?

Hilo ndilo kosa alilofanya. Ukitaka mtu wa benchi akae kimya, mwombe kikombe cha pili. Ukimwomba ushauri, umekwisha.

Afande akaanza, kwa kuwa cheo ni chake. Akasema hakuna mjadala, achukue raifoli, bunduki ya risasi nzito moja moja. Inafika mbali, inamwangusha mnyama mkubwa kabla hajakunusa. Akakumbusha kwamba Dira aliuawa na nyati, na nyati hapigwi kwa kitu chepesi, unamuudhi tu. Alieleza namna ya kulala kifudifudi, kitako begani, pumzi unaikata. Akataka kulala pale chini atuonyeshe. Tukamzuia kwa sababu ya vipande vya chuma.

Sinema akamwangalia kwa huruma. Akamuuliza, huo mtutu mrefu mtu anakwenda nao chooni? Porini choo ni kichaka. Umechuchumaa, suruali iko magotini, raifoli umeiegemeza kwenye mti kule. Sasa itakusaidia nini? Kwa hiyo bastola. Inakaa kiunoni, unalala nayo, unakula nayo. Tena akasema kama Dira angekuwa na bastola chini ya mto, yule chui aliyeingia hemani asingetoka hai.

Daktari akacheka mpaka akakohoa. Akasema bastola ni ya kutishia wapangaji. Mtu anayekaa porini miezi anahitaji bunduki ya kila kazi, na ya kila kazi ni moja tu, shotigani, ile ya marisau, risasi ndogondogo zinazotawanyika. Uzuri wake uko kwenye risasi, siyo kwenye bunduki. Unga umeisha kambini? Unaweka marisau madogo, unaangusha kanga, mnakula. Amekuja simba, kama yule aliyemchukua Dira? Unatoa madogo, unaweka ganda lenye kipande kimoja kikubwa. Wamekuja wezi wa vifaa? Unaweka chumvi ya mawe, unawapiga nayo makalioni, wanakwenda kukaa kwenye karai la maji wiki nzima. Kuni zimelowa? Unapasua ganda, baruti ile unawashia moto. Akaendelea hivyo mpaka shotigani ikawa inapika, inalinda, inavua samaki, na ikipinduliwa kitako juu inakuwa mkongojo wa mgonjwa.

Wakabishana. Afande akasema marisau hayafiki mbali. Daktari akasema chui hakai mbali. Sinema akasema umekubali sasa kwamba ni chui. Daktari akasema hakukubali kitu, ametoa mfano. Futi alikuwa anageuza shingo kwa kila anayesema, na kila mara alikuwa anaitikia. Alipokwisha kuwaitikia wote watatu nikaona huyu atakwenda kwenye simu akiwa na bunduki tatu kichwani, na ofisi itampa manati.

Kwa hiyo nikaingia mimi. Nina hasira za karibu, na nikikasirika mikono inataka kazi. Nikachukua chaki, nikaenda kwenye bati nililokuwa nimeliegemeza ukutani, nikaanza kuchora. Nikawaambia mnagombania nini? Ofisi imesema moja, haikusema moja ya namna gani. Mtutu wa raifoli juu, mtutu wa marisau chini, kitako kimoja, naichomelea mimi mwenyewe. Bastola inakaa ndani ya kitako, inatoka kwa bawaba. Mbele naweka jembe dogo la kuchimbia. Sinema akasema niweke na taa. Nikaweka taa. Afande akataka magurudumu, kwa kuwa sasa ilikuwa nzito. Nikachora magurudumu. Daktari akasema magurudumu yapo dukani kwake, ya baiskeli ya mtoto, na tukaanza kujadili matairi. Nilikuwa natoka jasho. Niliamini kabisa kwamba tunamwokoa mtu.

Katikati ya hayo alikuja shemeji yetu, mke wa Dira. Anashona nguo mtaa wa pili, na pedeli ya cherehani yake ilikuwa imekatika, ameniletea juzi niiunge. Hakuwahi kukaa kwenye benchi letu hata siku moja. Tukamwamkia, tukamsogezea nafasi, akasema anasimama. Pedeli ilikuwa tayari, nikampa, akautazama muungo wake akaridhika. Kisha akatazama bati.

— Hiki ni nini, shemeji?

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ghadhabu ya kumtetea, maana nilitaka ajue kwamba mume wake hatujamsahau. Nikasema Futi anakwenda kambi ile, na safari hii tumeapa hatakwenda mikono mitupu, hatafanywa kama Dira. Afande akadakia kuhusu nyati. Sinema akasema chui, Daktari akasema simba. Walisema karibu kwa pamoja, na ndipo mimi mwenyewe niliposikia kwa mara ya kwanza tulivyokuwa tunasema.

Shemeji akamgeukia Afande.

— Nyati gani?

Afande akakohoa. Akasema, si yule, shemeji, aliyemuua marehemu.

— Nani alikwambia aliuawa na mnyama?

Hakuna aliyeambiwa. Mtu wa ofisini alisema amefia porini, jeneza lilikuja limefungwa, na sisi tukajaza yaliyobaki. Msibani hatukuuliza kwa sababu mfiwa hachokonolewi, na baada ya msiba hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tunajua tayari. Tulijua kwa namna nyingi sana.

Shemeji akaiweka pedeli kwenye benchi. Hakulia, wala hakutukaripia, ingawa ingekuwa afadhali atukaripie. Akatuambia kwamba Dira alikufa kwa tumbo. Gari la ofisi liliwashusha na mapipa ya maji, likarudi mjini kuwaendesha wakubwa. Likaahidi kurudi, halikurudi. Maji yalipoisha wakanywa ya dimbwi. Wenzake waliugua wakapona. Yeye alitapika na kuendesha mpaka akashindwa kusimama. Simu kule hazishiki. Wakachukua zile fito za kupimia, nyekundu na nyeupe, wakafunga turubai katikati, wakambeba kuelekea barabarani. Aliyeshika upande wa kichwa ndiye aliyekuja kumsimulia. Alisema Dira alikuwa anaulizia gari mpaka alipokata kauli.

— Hakuna aliyemuona hata sungura, akasema.

Futi alikuwa ameacha kuuvuta utepe.  Shemeji akamsogelea, akasema naye kama anayesema na mdogo wake wa tumbo moja.

— Baba, mimi sina ugomvi na bunduki. Nataka kujua kitu kimoja. Gari likishaondoka, na wewe unatapika, hiyo bunduki utaielekeza wapi?

Nikawatazama wenzangu. Afande, mwenye raifoli yake, alikuwa anatazama viatu. Sinema anajifuta suruali iliyokwisha kukauka. Daktari, ambaye kwa kila kitu ana chanzo na ana tiba, alikuwa anazungusha kikombe kitupu. Na mimi nilikuwa nimesimama na chaki mkononi mbele ya bunduki yenye magurudumu. Hasira ilinipanda upya, safari hii mpaka masikio yakawaka, kwa sababu nilielewa. Watu wale wa ofisini walikuwa wamempoteza mtu kwa kukosa gari na maji safi, kisha wakaja kutuuliza tunapenda bunduki ya aina gani. Na sisi tuliuchangamkia mchezo. Asubuhi nzima tumekaa tunawachagulia.

Simu ya Futi ikaita. Akaiweka juu ya ubao, sauti wazi, tusikie wote. Alikuwa karani wa ofisi, sauti ya kijana mwenye adabu.

— Habari za asubuhi, bwana. Mmeamua ipi?

Futi akaisogelea simu. Nilidhani atasema raifoli.

— Nataka gari lilale kambini, akasema. Gari na dereva, siku zote. Na maji yaletwe kabla hayajaisha. Hilo ndilo chaguo langu.

 Karatasi zikasikika zikipekuliwa kule.

— Bwana, mimi nimeagizwa kuhusu silaha. Mambo ya gari hayako kwangu. Nikuandikie ipi?

— Niandikie gari.

— Gari si silaha, bwana. Nikikuandikia hivyo, watasema umekataa kwenda, watampeleka mwingine. Chagua tu moja, tumalize.

Futi akaukamata tena utepe wake. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, na kazi za kupima ardhi haziokotwi barabarani.  Nilitaka kuinyakua simu nimtukane yule karani, na ningemtukana vizuri, lakini shemeji aliwahi. Akaiinua, akaishika kwa mikono miwili karibu na mdomo.

— Mwanangu, mimi ni mke wa Dira. Unamfahamu Dira?

Karani akasema anamfahamu. Akasema pole, mama.

— Ahsante. Gari likishaondoka, na mtu anatapika, hiyo bunduki anaielekeza wapi?

Tukasikia kalamu inawekwa mezani. Karani hakukata simu. Tulimsikia akiliuliza swali lile kwa mtu mwingine mle ofisini, neno kwa neno, kwa heshima, na yule mtu naye akamuuliza wa jirani yake. Kiti kikaburuzwa. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Kahawa ilichemka ikamwagikia makaa, hakuna aliyeinuka kuiepua. Shemeji aliendelea kuishika simu vilevile, na sisi tukasubiri pamoja naye.