Chupa ya Madini Joto ya Mzee Gwamaka Mwakalobo

Mchungaji, wazee wa Ndandalo, majirani, na ndugu zetu wa Ikombe mliokuja kwa mitumbwi kumsindikiza shemeji yenu, mugonile. Mimi ni Lazaro Mwakalobo, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma nisome historia ya maisha yake. Desturi yetu mnaijua, mtu hafukiwi mpaka kilichomuua kisemwe, wazee wetu wa zamani walimpasua marehemu ili waone kwa macho, sisi tunasema kwa mdomo, na kwa kuwa nawaona baadhi yenu mmekaa msibani hapa siku tatu na maji yenu ya chupa, mtungi wa nyumba hii mmeukwepa, basi leo nitasema yote.

Marehemu Gwamaka Mwakalobo alizaliwa tarehe 12 Mei 1955 hapa Ndandalo, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita. Alilelewa kwa bibi mzaa mama, milimani Rungwe, akasoma huko shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, na wakati ule chakula cha milimani kilikosa madini joto, shingo za watu wengi zilivimba, naye alirudi nyumbani akiwa na goita, ndogo kama yai la njiwa, aliyoishi nayo mpaka mwisho.

Mwaka 1975 aliajiriwa na chama cha ushirika kuwa mpimaji wa kakao na mpunga, akaifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2012. Wakulima mliopo mnamkumbuka, hakuna gunia lililopita mbele yake bila kuingiziwa mkono hadi chini kabisa, hata gunia la mama yetu mzazi aliliingizia mkono hadharani, akatoa jiwe, mama akasema jiwe limeingia lenyewe. Naona mnacheka, chekeni, ndivyo alivyokuwa. Kaka yangu hakumwamini mtu. Mwaka 1988 watu wa afya walipita wakigawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kwa ajili ya shingo kama yake hasa, akakibana chake chini ya ulimi, akaenda kukitema nyuma ya ghala, akidai ni njama ya kuwazuia wanaume kuzaa.

Tarehe 20 Septemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Marta, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Asifiwe, yupo hapa mbele, na Marta akatangulia mbele ya haki mwaka 2011. Tarehe 8 Novemba 2014 alifunga ndoa na Kisa, mfinyanzi wa vyungu kutoka Ikombe, wakajaliwa mtoto mmoja, Eliya. Tangu mwanzo wapo walionong'ona kwamba mzee amemfuata mwanamke Mkisi wa mwambao, na vyungu vyake hatujui vinapikiwa nini, ila ugali wa vyungu hivyo mliula, na kuongezewa mliomba.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Mwezi Oktoba 2024 maneno yalienea kwamba ng'ambo ya Mto Songwe watachimba tena urani, na kwamba malori yatapita yakivuja mionzi. Mimi mambo ya mgodi siyajui, simtetei mtu, na anayeuliza maswali juu ya jambo hilo simwiti mjinga. Lakini katika kundi la simu mtu asiyejulikana aliandika kwamba wazungu hujikinga na mionzi kwa madini joto, na kaka yangu, aliyekitema kidonge cha bure, akapanda bodaboda hadi Bondeni kununua chupa ya matone makali kwa kijana mwenye begi, ambaye hata duka hana. Akawa anayanywa kila asubuhi kwenye maji. Chupa hakuruhusu mtu aiguse, akisema shingo yake tayari ni mbovu, hivyo mionzi itapitia hapo.

Kufikia Januari 2025 alianza kukonda huku anakula vizuri, mikono ikawa inatetemeka, jasho linamtoka hata wakati wa mvua, moyo unamwenda mbio akiwa ameketi. Yeye akasema mionzi imefika, akaongeza matone. Ninyi mkasema amelogwa.

Mwezi Machi shemeji Kisa aliichukua ile chupa, akaifunga ndani ya kitenge, akaipeleka hospitali ya wilaya kwa Daktari Georgina. Jirani mmoja, jina lake nalihifadhi ingawa amekaa karibu na turubai, alimwona akificha chupa, na hapo ndipo maneno yalipopata miguu. Kaka naye alipoikosa alisimama barazani akapiga kelele kwamba mke wake anambadilishia dawa. Mlimsikia. Ni kweli alisema hivyo.

Tulipompeleka kaka, daktari alimpima damu, akatueleza, mimi, marehemu na Asifiwe, kwamba kidonge cha madini joto cha kukinga mionzi kweli kipo, hupewa watu pale kinu cha nyuklia kinapoharibika na kumwaga hewani iodini, ndiyo hayo madini joto, yenye mionzi, ili tezi ya shingo ikishashiba iodini safi, ile mbaya ikija ikute kiti kimekaliwa, lakini hutolewa kwa kipimo, kwa muda mfupi, mamlaka ikiagiza, na kwa vumbi la urani hakisaidii chochote. Akasema mzee mwenye goita ya miaka mingi akiimwagia tezi yake madini joto kila siku, tezi inaanza kufanya kazi kupita kiasi, na moyo unachoka. Akaandikiwa dawa. Tulipotoka nje kaka akaniambia, "Lazaro, huyu binti si wa kwetu, ameletwa, anataka nibaki wazi, bila kinga."

Dawa za hospitali hakuzinywa. Mwezi Juni miguu ilivimba, pumzi ikawa ya shida, tukampeleka hospitali ya rufaa Mbeya, na kwa amri ya kaka mwenyewe Kisa alikatazwa kumuuguza, hata uji wake haukufika, tuliomlisha ni mimi na Asifiwe. Hali ikazidi kuwa mbaya, mpaka muuguzi alipogeuza godoro na kukuta chupa nyingine, imebaki nusu. Asifiwe, ulikuwepo, uliishika kwa mkono wako, kwa nini unyamaze watu wakisema mama yako mdogo ameua?

Mpendwa wetu aliaga dunia Jumatano tarehe 9 Julai 2025, kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Hakufuta neno lake juu ya mkewe. Nilimsihi, akageukia ukutani, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini nikimlinda yeye leo, mjane wake atafukuzwa kesho, na Eliya atakua akiitwa mtoto wa muuaji. Kaka yangu nilimpenda, na katika hili alikosea.

Familia inawashukuru Daktari Georgina, madaktari na wauguzi wa Kyela na Mbeya, wenzake wa chama cha ushirika waliochimba kaburi, kwaya, majirani wote, na hata mliokuja kupeleleza, maana mmebeba kuni. Ndaga fijo.

Nimeambiwa imepangwa Kisa asishike udongo. Aliyepanga hakuniuliza, na mkubwa wa ukoo huu kuanzia Jumatano ni mimi.

Kaka Gwamaka, mashaka yako yamekwisha, pumzika kwa amani. Shemeji Kisa, simama, mshike Eliya mkono, njoo mbele. Udongo wa kwanza ni wako.