Jezi ya Mechi Kumi na Tisa

Risala ya Umoja wa Wafuaji wa Sare, Uwanja wa Yangeyange, mjini Guayabal, kwa Rais mpya wa Klabu, siku nne kabla ya kufunguliwa msimu wa besiboli

Mgeni rasmi, Mhandisi Leonidas Fermín, Rais wetu mpya. Don Radhamés, mtunza vifaa. Makocha na wachezaji. Na ninyi mliofuata harufu ya mchuzi wa mbuzi tu, nanyi karibuni.

Tumepewa dakika kumi. Rais aliyekutangulia tulimsomea dakika nne, tatu kati ya hizo akazilala. Wewe tunakuona uko macho, basi tutazitumia zote.

Katika ratiba ya leo sisi ni namba sita. Namba saba ni wewe, na pameandikwa: "Tamko la Rais kuhusu mashine za kufulia." Tunajua tamko hilo ni nini. Ni kwamba sare zitakuwa zinapelekwa kwa dobi wa mashine jijini, na sisi wanawake tisa twende nyumbani. Tunakuomba usikilize namba sita kabla hujasimama kusoma namba saba.

TULIKOTOKA

Tumefua hapa tangu uwanja huu una uzio wa mabua ya miwa. Yangeyange ni ndege mweupe, na udongo wa uwanja huu ni mwekundu kama paprika. Aliyechagua rangi ya sare hakuwa mfuaji. Hata hivyo hakuna timu yoyote ya ligi iliyowahi kutupita kwa weupe, na hatutumii kingine ila sabuni ya kuaba, ile ya utomvu wa msonobari, buluu kidogo, na jua.

Klabu imetwaa ubingwa mara tatu: mwaka 1984, 1996 na 2008. Picha zote tatu zipo ukutani nyuma yako, Mhandisi. Geuka utazame. Sare zinang'aa, mfuaji hayumo. Katika moja, aliyemo ni mbwa wa rais wa wakati ule.

Lakini tunapofungwa, tunakumbukwa upesi. Mwaka 1987 mchezaji wetu anayelinda kituo cha pili alicheza harusini mpaka asubuhi, jioni yake akaanguka uwanjani kama gunia. Ikasemwa tulifulia suruali maji ya moto zikambana. Mwaka 2001 mrushaji wetu aliteguka bega, tukaulizwa mikono ya jezi tuliipiga pasi vipi. Tunayataja haya si kwa kinyongo. Tunayataja kwa sababu katibu wa umoja huu, aliyejifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni, hatupi gazeti hata moja.

MSIMU ULIOPITA

Sote tunajua ulivyoanza. Oktoba tulifungwa, Novemba tulifungwa kwa bidii zaidi. Tarehe kumi na nane Desemba, Elvin Tavárez, huyu hapa meza ya mbele mwenye sahani mbili, akaanza kupiga. Alipiga mpira safi mechi ile, akapiga iliyofuata, na iliyofuata. Akafanya kama wanavyofanya wapigaji wa nchi hii wakishikwa na bahati: akakataza jezi yake isifuliwe. Akaitundika kwenye msumari wake, akaandika kwa chaki ukutani: ISIGUSWE.

Mechi kumi na tisa mfululizo hakukosa. Tukaingia duru ya Januari, ya timu nne zinazogombea nafasi mbili za fainali. Mji ukasimama. Kwenye kiwanda cha sukari watu waliomba zamu zibadilishwe, na padri alifupisha misa bila kuombwa.

Tarehe tisa Januari, saa sita mchana, Don Radhamés, ambaye kwa miaka kumi na miwili hajafika uwanjani kabla ya saa nane, siku hiyo akafika mapema kutafuta mwavuli wake. Akapita nyuma ya jukwaa la kushoto. Akaiona jezi ya Tavárez kwenye kamba yetu, nyeupe kama siku iliyoshonwa.

Tunanukuu alivyosema, kwa sababu tulikuwa tisa na sote tulisikia.

"Mmeiua timu, nyie wanawake. Mmeiua kwa sabuni."

Mama Chea, mwenyekiti wetu, mwenye miaka sabini na mmoja, akamwambia, "Radhamés, mwanangu, hebu kaa kwanza unywe kahawa, nikueleze."

"Sinywi kahawa ya wachawi."

"Mbona jana umekunywa vikombe viwili?"

Hakukaa. Akaivuta jezi kambani, akatutoa nje, akafunga chumba cha kufulia kwa kufuli, na ufunguo akautia mfukoni. Kisha akaenda kumwambia Tavárez. Kabla ya mechi kuanza redio ilikuwa imeshamwambia kila mtu.

Mechi nne zilizobaki, Tavárez alisimama kupiga mara kumi na tano, hakupata kitu. Ile ya mwisho wenzake wawili walikuwa vituoni wakingoja apige wafike nyumbani, kituo cha pointi. Mrushaji akamrushia mipira mitatu, gongo likakata upepo mara tatu. Tukakosa fainali kwa mechi moja.

Kesho yake Mama Chea alikwenda kununua mkate, muuzaji akafunga dirisha. "Wewe si ndiye uliyefua bahati yetu? Kafue na mkate." Mama Chea anafua nguo za mji huu tangu baba yake muuzaji huyo anavaa nepi, na nepi zenyewe anazikumbuka.

TUNACHOKIRI

Mgeni rasmi, sasa tunafika mahali ambapo Mama Chea alitaka turuke. Tulipiga kura, akashindwa nane kwa moja.

Tumeshtakiwa kwamba tuliifua jezi ile tarehe tisa Januari. Shtaka hilo si kweli yote. Tuliifua kila siku.

Baada ya mechi ya tatu ya bahati ile, Manolo, mdakaji wetu, alitujia asubuhi na leso puani. Ndiye anayekaa karibu na Tavárez kwenye benchi.

"Mama Chea, nakuomba kwa roho ya marehemu mama yako. Yule jamaa ananuka kama pango la popo."

"Amesema isiguswe, mwanangu."

"Nami nasema sitafika Krismasi."

Basi tukaigusa. Kila asubuhi tuliitoa msumarini, tukaifua, tukaianika. Ikikauka, mwenzetu Rumilda akaketi nayo na bakuli la udongo wa kituo cha pili, akayarudisha madoa yote mahali pake: la begani lenye umbo la figo, la kiwiko, na lile la tumboni la mchuzi wa maharage, alilolitengeneza kwa kahawa. Rumilda hakuwahi kusomea uchoraji. Kabla ya saa tisa, wachezaji wakiingia, jezi ilikuwa msumarini, chafu kwa macho, safi kwa pua. Tavárez mwenyewe alituambia siku moja, "Mnaona, hata harufu imekwisha. Bahati inajisafisha."

Tarehe tisa kulinyesha asubuhi. Jezi ikachelewa kukauka, Rumilda akachelewa na bakuli lake. Ndiyo siku mwavuli ulipomleta Don Radhamés.

Kosa hilo ni letu. Tulimdanganya kijana wetu, na mbele ya watu wote hawa tunamwomba radhi. Tavárez, weka kijiko chini utusikie: tusamehe.

Lakini tunaomba hesabu za mpira zisomwe kama zilivyo. Mechi kumi na sita kati ya zile kumi na tisa alizopiga, alivaa jezi iliyofuliwa. Jezi haikufuliwa kweli tangu siku ile chumba kilipofungwa, na tangu siku hiyo hakupiga hata mara moja.

Atatokea mtu aseme jezi haina neno, kijana alivunjika moyo kwa kuambiwa. Vema. Nani alimwambia? Kama ni jezi, ilipokuwa safi tuliifua sisi, na ilipokuwa chafu ni kwa kufuli lake. Kama ni maneno, maneno hatukuyasema sisi. Don Radhamés achague moja. Tunampa mpaka mwisho wa risala.

TUNACHOOMBA

Wiki iliyopita sare za mazoezi zilipelekwa jijini kwa mashine, kwa kujaribu. Zimerudi zina rangi ya ufizi. Timu iliyokuja kucheza nasi kirafiki iliuliza kama tumebadilisha ndege.

Zamani tungekuomba paa. Tumeomba bati la kuanikia chini yake mvua ikinyesha, katika risala nne, kwa marais wanne, na wote wanne walisema "tutaliangalia". Huenda bado wanaliangalia. Leo bati hatuombi.

Tunaomba kitu kinachoenea kiganjani. Ufunguo wa kufuli lile uko mfuko wa kulia wa suruali ya Don Radhamés. Ameugusa mara tatu tangu tuanze kusoma, na sasa ni ya nne. Tunaomba utoke mfukoni uje mikononi mwa Mama Chea, hapa hapa, kabla hujasoma namba saba. Wanawake tisa hawa hawajui kazi nyingine na hawataki kuijua.

La pili si letu, ni la wote. Tavárez ameitunza jezi ile tangu Januari bila kuifua, ndani ya mfuko wa plastiki, na anasema ataivaa Ijumaa, siku ya ufunguzi, ili kumaliza mkosi. Mfuko huo uko chini ya meza yako, Mhandisi. Tunadhani ulikuwa unamlaumu mbuzi.

Mwenyezi Mungu na Bikira wa Altagracia wakupe mvua kwa miwa na jua kwa nguo, na wakupe masikio kwanza kabla ya mdomo. Wawape wachezaji wetu magoti mazima. Wampe Don Radhamés mwavuli wa pili.

Maji tumeshateka, yako nje ya mlango uliofungwa. Jua la leo litatosha mpaka saa kumi. Na wewe Tavárez, mwanetu, tupe jezi na usiwe na hofu: lile doa la begani tunalikumbuka, tutalirudisha mahali pake.

Ni sisi wako,
Umoja wa Wafuaji wa Sare, Uwanja wa Yangeyange, Guayabal.
Imesomwa na Fiordaliza Peguero, katibu, kwa niaba ya wanawake tisa, akiwemo yule aliyeshindwa kura.