Ardis Tollefson, Aliyekula Kipande cha Mwisho

Mama yetu Ardis alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, shambani kwa wazazi wake Nels na Borghild Haugen, nje kidogo ya Bemidji, Minnesota. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano, na alitoka wiki tatu kabla ya siku zake. Borghild alipenda kusema kwamba huyu tangu tumboni hakujua kungoja.

Alimaliza sekondari mwaka 1959. Baadaye aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja. Tufani ya theluji ikianza, madereva wenzake wakijadiliana kwenye redio za mabasi, yeye alikuwa ameshageuza basi na kuwarudisha watoto makwao. Rangi ya jikoni pia aliichagua kwa sekunde mbili, nasi tukaivumilia miaka kumi na minane.

Verlyn Tollefson, mpima ardhi, alikutana naye Oktoba 1962 kwenye chakula cha jioni kanisani. Kwetu kipande cha mwisho cha keki hakimalizwi. Kila apitaye hukata nusu ya kilichobaki. Ardis alikibeba chote, akakila amesimama. Verlyn, aliyehitaji wiki mbili kuchagua soksi, alimpenda hapo hapo.

Mei iliyofuata Ardis alimwambia, "Verlyn, tuoane."

"Aa, hapana, usijisumbue."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Maskini Verlyn. Kwetu anayekaribishwa hukataa mara mbili kwanza, naye alikuwa anangoja aulizwe tena. Alingoja siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alisikia kwamba Ardis amepata kazi Duluth na anaondoka mchana huo, akakimbia bila kofia hadi kituo cha basi.

"Mbona hukuniuliza tena?"

"Si ulikataa?"

"Ile ilikuwa ya kwanza tu, Ardis."

"Makubwa haya. Basi ya pili tumeiruka, hii ni ya tatu. Unanioa, hunioi?"

"Nakuoa."

Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1963, na tunafurahi mno kwamba basi lile lilichelewa.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari hajamaliza kueleza upasuaji, Ardis akasema, "Nirudisheni nyumbani." Verlyn alichukua karatasi, faida huku, hasara kule, akakaa nayo siku nne, akafikia jibu lile lile.

"Umechelewa, mzee wangu," Ardis alimwambia, akamshika mkono.

Tarehe 6 Aprili mchana, Verlyn alimletea kipande cha mwisho cha keki ya tufaha. Ardis alikikata katikati, akala nusu, akamsogezea sahani.

"Maliza tu, mke wangu."

"Hapana. Hiyo yako."

Alitutoka jioni ile.

Ameacha mume, Verlyn; watoto wawili, Karin na Steinar; wajukuu watano; na nusu ya kipande cha keki ambayo Verlyn bado anaifikiria. Apumzike kwa amani mama yetu. Huko alikokaribishwa, hatuna shaka alikubali mara ya kwanza.