Somo la Familia

Wamama wenzangu wajane, asante kwa kunipa nafasi. Mimi si mutu wa kusema sana mbele ya watu, ijapokuwa kule Masisi nilifundisha Kingereza miaka kumi.

Bwana yangu alikufa tukiwa njiani kukimbia. Tulimuzika kando ya barabara, tukaendelea kutembea. Nilipofika hapa Goma, kwa dada yangu anayekaa mutaa wa Majengo, sikutaka kulitamka neno 'amekufa'. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mutu akiuliza, 'Bwana yako iko wapi?' nilijibu, 'Anakuja.' Miezi munane!

Dada akachoka kuniona nimejikunja kitandani, chakula sigusi. Akanivuta mukono mupaka Keshero, kwenye sale ya paruwasi, pale watu wa kanisa wanafanyia mikutano. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wanatafuta mutu wa kuwafundisha Kingereza bure. Wengi walingojea kuhamia inchi za mbali. Nilikubali ili aniache tu.

Siku ya tatu tukafika kwenye somo la familia. Nikaandika kwa ubao baba, mama, mutoto. Nilipofika kwa neno 'bwana', chaki ikaanguka. Nikalia mbele ya watu wazima, nikachukua kitenge changu niende, nisirudi tena.

Muzee mumoja akasimama. Yeye alijifunza ili aongee kwa simu na mujukuu wake wa Kanada, asiyejua Kirundi. Akasema polepole:

'Mwalimu, somo halijaisha. Utufundishe pia kusema amekufa. Huko tunakoenda watatuuliza.'

Nikaokota chaki, nikaandika. Wakasema mumoja mumoja: mama yangu amekufa, watoto wangu wawili wamekufa. Muzee akasema ya bibi yake, mama ya watoto wake, akakosea, nikamusahihisha, akacheka na machozi. Kisha wote wakaniangalia mimi. Nikasema, kwa Kingereza: bwana yangu amekufa.

Siku ile nilimaliza sahani nzima ya sombe, yale majani ya muhogo. Dada alibaki ananitazama tu.

Sasa ni mwaka wa pili ninafundisha. Muzee aliongea na mujukuu. Mutoto alimuuliza kama ana mbwa. Akajibu 'hapana' kwa Kingereza safi, akakuja kunisimulia na furaha kama bwana arusi!

Asante, dada yangu. Asante, wanafunzi wangu. Na wewe mama mwenye uchungu, usingoje upone ndipo usaidie mwenzako. Nenda hivyo hivyo. Ukilia mbele yao, usitoke kwanza. Keti, usikie watakuambia nini.