Shahada ya Mwalimu Esteri Ndayisaba

Padri wetu, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mliofika hapa Mabamba, mimi ni Reverien, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Mwalimu Esteri Ndayisaba alizaliwa tarehe 9 Mei 1981 Kitahana, wilayani Kibondo, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1995, kisha sekondari na ualimu mjini Kasulu, na Januari 2003 akaajiriwa kufundisha hapa Mabamba. Tarehe 17 Septemba 2005 alifunga ndoa na shemeji yetu Renatus, mzaliwa wa Rungwe Mpya, wakajaliwa watoto wawili, Veronica na Nickson.

Oktoba 2020 alianza kusomea shahada ya kwanza ya sosholojia kwa njia ya mtandao, na hapo ndipo maneno yalipoanza, maana chuo kisichoonekana jengo lake watu hawakukielewa, na mama mtu mzima anayejifungia chumbani na simu hawakumwelewa zaidi. Shemeji Renatus, na hili ameniruhusu kulisema, alisikia sauti ya mwanamume kwenye simu hiyo, akakataa kuamini kuwa ni mhadhiri, hadi siku ya mtihani, Februari 2023, akaingia na kusimama nyuma ya kiti cha mkewe ili asikilize. Msimamizi aliyekuwa akitazama kwa kamera akauliza, "Huyo nyuma yako anakunong'oneza majibu?" na mtihani ukafutwa papo hapo, dada akaurudia mwaka uliofuata, safari hiyo Renatus akiwa nje ya mlango, hata kuku hapiti.

Utafiti wake ulihusu jinsi majirani wa mpakani wanavyoaminiana, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alihamia lini na ametoka wapi, maswali ambayo huku kwetu, Burundi ikiwa hapo ng'ambo, mtu akiulizwa hushtuka. Ikasemwa anawapelekea uhamiaji majina ya watu. Bi Adija, mwenye duka la njia panda, alimwambia mbele ya wateja, "Mwalimu, hapa dukani usikanyage tena, sitaki kuandikwa mimi." Dada alirudi kesho yake bila swali lolote, akamwomba radhi, wakakaa wawili hadi wakaelewana.

Alimaliza masomo Novemba 2024. Machi 2025 figo zilianza kushindwa kazi, akatibiwa Kibondo na baadaye Kasulu, akafariki tarehe 11 Agosti 2025, kabla ya mahafali yake.

Ndugu zangu, tangu msiba uanze wapo wanaosema dada amerogwa kwa sababu ya elimu yake, na wanamtaja Bi Adija kwa ajili ya siku ile ya dukani. Tumezungumza na daktari, ni figo, hakuna kingine. Katika ugonjwa wake wote aliyekuwa akimwogesha na kumkorogea uji ni Adija huyo huyo, na dada mwenyewe alituambia, "Nikiondoka watamgeukia Adija. Msikubali." Hatujakubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, walimu wenzake walioshika vipindi vyake, na majirani mliochota maji na kukesha nasi. Mume na watoto wakishaweka udongo, atafuata Bi Adija, kabla yetu sisi tuliozaliwa naye tumbo moja, na mwenye neno juu ya hilo aje aniambie mimi, asimwambie jirani yake.

Dada Esteri, upumzike kwa amani.