Melimeli ya Mosul

"Unajua, mwenzangu, kuwa Wafaransa mshumaa wameupa jina la mji wa Aljeria?" Saleha, mshoni wa madamu Mfaransa huko mtaa wa Al-Safa, ughaibuni, alimuuliza Bi Mwanakhamis, waliyejuana naye kituoni tu na sasa wameketi pamoja basini. "Na melimeli hiyo uliyoipakata wanaiita kwa jina la Mosul."

Bi Mwanakhamis akaipapasa melimeli, kitambaa laini alichonunuliwa na mwanawe, akaiona miji ikipepea kama nguo kambani.

"Na Unguja je?" aliuliza. Alikuwa hajaikanyaga tangu mapinduzi.

"Mafi, hakuna kitu, bibi. Karafuu zetu walizinusa, wakasahau kuuliza zatoka wapi."

Wakacheka. Basi likasimama Sharafiya. Hapo ndipo pa kushuka Bi Mwanakhamis, lakini hakuinuka.

"Mwanangu huniuliza nataka nini, nami kila mara humjibu nguo," alisema taratibu. "Nataka kwenda kwetu."